Miti ya Akoo na Mbuzi wa Milimani

Ilikuwa sauti ya meno. Haikuwa ya kutafuna, kwa maana kutafuna kuna mwendo wake wa starehe, kuna kumeza na kupumua. Hii ilikuwa ya jino kusugua jino, kavu na ya polepole, kama mtu anayeburuta jiwe la kusagia juu ya jiwe lisilo na nafaka. Niliisikia mwezi uliopita nikiwa nimechuchumaa uani kwetu Kiwanjani, koleo mkononi, mbele yangu mgunga mdogo usiozidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ilitoka upande wa pili wa ukuta wa mawe. Koleo likaniponyoka. Nilijieleza, kwa utaratibu niliozoezwa na miaka ya maabara, kwamba mbuzi husaga meno kwa sababu nyingi, kwamba mbuzi wa nyuma ya ukuta si wetu, na kwamba yule niliyekuwa nikimfikiria alikufa zamani nikiwa mtoto. Hoja zote zilikuwa sahihi. Hata hivyo sikuliokota koleo mpaka jua likaegemea, na mgunga ule ukabaki umefungwa waya upande mmoja tu, kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kuiandaa miti michache iliyosalia ya nyanya yangu kwa maonyesho ya mjini. Nasomea shahada ya uzamili katika mimea ya nchi kame, na wanaonijua kwa masomo hayo hudhani ni upendo ulionivuta. Upendo ulikuwepo. Lakini kabla ya upendo kulikuwa na hofu, nami ningependa kukusimulia hofu hiyo kama anavyosimuliwa rafiki wa siku nyingi, polepole, kwa sababu hata kichwani mwangu mwenyewe sijawahi kuipanga ikapangika.

Nyanya tulimwita Akoo, kama wanavyoitwa nyanya wote kwa Kiborana. Alikulia upande wa Sericho akichunga, na huko alijifunza jambo ambalo wachungaji wengi hulijua bila kulitilia maanani: mti unaoliwa na mbuzi kila msimu hauwi mfupi tu, huwa mzee. Ukipita kandokando ya barabara ya Ngaremara utaiona migunga isiyofika gotini, ilhali shina lake ni nene na lenye makunyanzi kama shingo ya kobe. Imeng'atwa ncha miaka na miaka, ikajikunja, ikakaza. Akoo aliing'oa baada ya mvua za kwanza, pamoja na udongo wake, akaifunga kwa gunia lililoloweshwa, akaipanda katika vitako vya mitungi ya plastiki iliyokatwa. Aliimwagilia maji ya udhu. Kulikuwa na beseni maalumu chini ya kigoda chake cha kutawadhia, na hakuna tone lililoanguka hapo likaachwa lipotee. Miti yake, alisema, inaswali mara tano.

Jina la kigeni lililetwa na mwalimu wetu wa sayansi, mtu wa upande wa Mlima Kenya aliyehamishiwa Isiolo na serikali. Alikuja kulalamika kwamba siongei darasani. Akaiona miti imepangwa juu ya tofali, akasahau malalamiko yake.

"Mama, hizi ni bonsai!"

"Bonsai ni kabila gani?" Akoo akauliza.

"Ni Wajapani, mama. Wanakaa mbali sana, ng'ambo. Wanafuga miti midogo kwa sahani."

"Basi na wao wako na mbuzi."

Mwalimu alicheka mpaka akaketi. Tangu siku hiyo alikuwa akija kila Jumamosi. Alileta waya wa shaba wa kukunjia matawi, akaleta sahani za udongo kutoka kwa mfinyanzi mmoja huko milimani, akaeleza kwamba kila mti una uso, yaani upande unaostahili kumwelekea mgeni. Akoo alilipenda neno hilo. Aliuzungusha kila mti, akiutazama kwa jicho moja, kisha akakwaruza alama ndogo ya mkaa kwenye ukingo wa sahani. Mti wenye adabu, alisema, humwinamia kidogo anayekuja kuuona. Ukisimama wima kama askari, mgeni atadhani anafukuzwa.

Mimi miti ile niliiogopa. Sisi watoto wa Kiwanjani tulikuwa na sheria: mtu akikuruka ukiwa umelala, hutakua tena mpaka arudi akuruke kinyume. Sasa hapa kulikuwa na miti isiyokua, na kwa akili ya kitoto sababu ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba iliwahi kurukwa na mrukaji hakurudi. Wenzangu waliligeuza hilo kuwa mchezo.

"Wewe usiguse hiyo mti, utabaki hivyo hivyo tu kafupi!"

"Hata saa hii ameshaanza. Angalieni miguu yake!"

Nililala usiku nikipima miguu yangu kwa kitanda. Nilikuwa mfupi kweli, na kila nilipopita na kopo la maji kati ya matofali nilihesabu pumzi zangu, nikihofia kwamba miti inavuta kitu kutoka kwangu. Akoo aliponiona nikitembea kwa kunyata, hakunicheka. Alinishika kichwa kwa viganja viwili, akanivuta juu taratibu, kama anayenyoosha uzi, akasema, "Intala, mti unakua ndani. Na wewe pia."

Intala ni msichana. Ilikuwa njia yake ya kunibembeleza, lakini nilitafakari maneno hayo kwa wiki nzima: kukua ndani kukoje, na je, ukikua ndani sana, hutapasuka?

Kulikuwa na miti mingine, iliyokaa pembeni, karibu na jiko la nje. Iliitwa waridi la jangwani. Pengine umeiona kwenye miamba: shina limevimba kama tumbo la mtungi, halina majani kwa miezi, halafu siku moja limefunikwa na maua mekundu kana kwamba mtu amelivalisha kwa ajili ya harusi. Mwalimu alisema hayo ndiyo yatakayowasimamisha watu kwenye maonyesho ya mjini, ambako alikuwa amemwandikisha Akoo. Lakini kila tulipoyakaribia Akoo alibadilika sauti. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akaifunga kwa uzi, kabla ya kukata hata jani. Palipokatwa palitoka utomvu mweupe, mzito, mzuri kwa macho. Huko alikokulia, wazee waliupaka kwenye mishale.

"Mti hauna miiba," aliniambia, "jiulize unajilinda na nini."

Niliuliza ikiwa mbuzi wetu hawatadhurika. Alishangaa kwamba nauliza. Mbuzi wetu, wale wadogo wenye masikio mafupi, walipita kando ya waridi kila asubuhi wakielekea malishoni na hawakugeuza hata shingo. Wamezaliwa wakijua, Akoo alisema. Mbuzi hafundishwi. Na ni kweli kwamba aliwaamini mbuzi kuliko mikasi. Migunga ilipohitaji kupunguzwa ncha, hakuikata. Alimchukua mbuzi mwenye njaa, akamshika pembe, akamsogeza mdomo kwenye tawi alilotaka, akamruhusu kung'ata, kisha akamvuta nyuma kabla hajaonja la pili. Mwalimu alipoliona hilo mara ya kwanza alifumba macho. Alipofumbua, mti ulikuwa umekaa vizuri kuliko alivyowahi kuukata yeye. Mkasi, Akoo alieleza, unaacha kidonda cha bapa, na mti unajua umekatwa na mtu. Jino la mbuzi linaacha kidonda ambacho mti umezoea.

Sasa nikujulishe jirani yetu. Alikuwa mama Mkristo kutoka Meru, aliyefungua duka la vitambaa sokoni, na kati ya nyumba yake na yetu hapakuwa na ukuta. Palikuwa na kamba ya nguo tu, ambayo familia zote mbili zilianikia. Alikuwa na mtoto mchanga ambaye bado hajatambaa. Maziwa yake yalikauka mapema, na ya ng'ombe yalimtoa mtoto vipele, basi kaka yake akamletea mbuzi wa maziwa kutoka milimani: mweupe, mkubwa, mwenye masikio ya kuning'inia na matiti kama mifuko. Jirani hakujua kukamua. Kwa hivyo mbuzi alilala kwetu, Akoo akamkamua asubuhi na jioni, akayachemsha maziwa, na chupa ikapita chini ya kamba ya nguo. Mbuzi yule hakwenda malishoni. Alikuwa wa kukatiwa. Kila siku aliletewa mzigo wa majani, ukamwagwa mbele yake, naye akala kwa heshima, kama mgeni wa serikali. Akoo alimtania.

"Huyu ni mbuzi ama ni chifu? Anangoja kuandaliwa!"

"Mama, usimcheke," jirani alijibu kutoka kwake. "Huyo amesoma Meru School!"

Walicheka hivyo, lakini hazikuwa siku za kucheka ovyo. Isiolo ilikuwa katika moja ya misimu yake ya minong'ono. Mifugo ilichukuliwa usiku upande huu, jawabu likafanyika upande ule, maduka yakafungwa mapema, na watu waliosalimiana kila siku, huyu salaam aleikum na yule habari ya asubuhi, wakaanza kusalimiana kwa videvu. Nilisikia watu wazima wakisema kwamba mnyama mmoja tu anatosha. Hawakumalizia sentensi. Mimi nilimalizia peke yangu kitandani: mnyama mmoja afe vibaya, mtu mmoja aulize kwa sauti ameuawa na nani, na kamba ya nguo ikatwe. Palikuwa na wale waliokwisha kusema kwamba bibi yule wa miti ana mambo yake, kwa nini mti wa kawaida ukae mtoto milele. Jirani yetu aliwahi kuwajibu hadharani sokoni, nikajivunia, na papo hapo nikaogopa, kwa kuwa anayetetewa ana cha kutetewa.

Wiki ya maandalizi ya maonyesho naikumbuka kwa harufu. Akoo alisugua mashina kwa mswaki wa mti, uleule wa kusafishia meno, akitoa vumbi katika kila mkunjo mpaka gome likang'aa. Sahani alizipaka samli kidogo kwa kitambaa, na ua mzima ukanukia kama nyumba yenye maulidi. Kazi yangu ilikuwa kuokota kokoto ndogo zinazolingana, za kutandaza juu ya udongo, na niliziokota kwa ukali wa mtoto asiyejua kuacha: yenye doa hapana, yenye pembe hapana. Kulikuwa na chai ya maziwa yenye iliki siku kutwa, na anjera za asubuhi zilizobaki, na redio ya jirani ikihubiri, na mwadhini akiipokea. Mwalimu alikuja na tepe ya kupimia, akapima meza ambayo haikuwa hapo, akatembea mbele yake akiwa mgeni, akasimama, akashangaa. "Mama, waamuzi watasimama hapa!" Nilimwona Akoo akijitahidi kutotabasamu. Hakuwahi kusomeshwa, hakuwahi kuitwa jukwaani popote, na alikuwa ameshona dera jipya.

Siku moja kabla ya maonyesho alikata mawaridi. Ilibidi kuyapunguza matawi na mizizi ya juu ili tumbo la shina lionekane. Alivaa mifuko yake mikononi, akakata, akayarundika matawi kando ya jiko ili yakauke kabla ya kutupwa mbali. Kisha akaigeukia migunga. Ilibakia kung'atwa ncha tu. Lakini mbuzi wetu walikuwa wamekwisha kwenda na mchungaji. Akaangaza huku na huko, akamwona mweupe.

"Haya chifu, leo utafanya kazi."

Hata mimi nilicheka. Chifu aling'ata vizuri, kwa uangalifu wa kushangaza. Akoo alimsifu, akamfunga kwenye nguzo ya jiko, akaingia ndani kuswali adhuhuri. Alipotoka, mwalimu alikuwa amefika na pikapu mapema kuliko ilivyopangwa, honi juu ya honi. Jirani naye alikuwa tayari, mtoto mgongoni. Alikuwa akienda kuvitundika vitambaa vyake kwenye kibanda kilekile cha maonyesho. Basi Akoo akakamua haraka kabla ya wakati, mimi nikimshikilia mbuzi pembe. Pembeni mwa mdomo wake palikuwa na utando mweupe. Nilidhani ni povu la maziwa yaliyomrukia. Maziwa yakachemshwa, yakatiwa katika chupa, chupa ikatiwa katika kikapu cha jirani.

"Akiamka atakunywa," jirani alisema, akampapasa mtoto mgongoni bila kumwona, kama akina mama wanavyofanya.

Miti ilipakiwa mmoja mmoja, ikashikwa kama mayai. Akoo alikaa nyuma pamoja nayo, dera lake jipya limefunikwa kanga ili lisipate vumbi. Aliniachia nyumba na simu, kwa sababu simu ilikuwa kwenye chaji na yeye kila anayemhitaji alikuwa ndani ya gari lile. Niliwapungia. Barabara ikalala.

Niliketi kwenye kigoda, nikaendelea kuchagua kokoto ambazo hazikuhitajika tena. Ndipo nikaisikia.

Mbuzi alikuwa amesimama, kichwa kimeinama, miguu imetanuliwa kidogo kama meza mbovu. Meno yalisugua, yakasimama, yakasugua. Udenda ulimning'inia. Nilimwita, hakugeuka. Kisha macho yangu yakashuka kwenye kamba yake, nikaifuata mpaka nguzoni, na kutoka nguzoni nikaangalia mahali ambapo kamba ingeweza kufika. Rundo la waridi lilikuwa nusu. Vijiti vilivyobaki vilikuwa vimeng'atwa, na kila kimoja kilikuwa na tone jeupe lililoanza kukauka.

Nilielewa kabla sijataka kuelewa. Akoo alisema mbuzi hafundishwi, na hakukosea kuhusu mbuzi aliokulia nao. Lakini huyu alitoka mahali pasipo na waridi. Tena maisha yake yote alijua jambo moja: kilichokatwa kikawekwa mbele yako ni chakula. Alikuwa ameandaliwa, naye akala.

Kisha nikawaza kikapu.

Ningependa kukuambia kwamba nilikimbia. Sikusogea. Akili yangu hufanya hivyo hadi leo, inapopaswa kupiga mbio inakaa chini na kupanga. Nilijiambia huenda ni tumbo tu. Nikajiambia sumu inaweza kuishia katika damu isifike kwenye maziwa. Nikajijibu kwamba maziwa hutoka wapi kama si katika damu. Nikajiambia alikula baada ya kukamuliwa. Nikaukumbuka utando mweupe pembeni mwa mdomo, na hoja hiyo ikafa. Nilifikiria mtoto akiamka, akilia, kifuniko kikifunguliwa. Halafu nikafikiria maneno yenyewe. Kumwambia mama wa Meru, katika msimu ule, mbele ya uwanja uliojaa watu, kwamba mbuzi wake anakufa kwa mti wa nyanya yangu, kwamba nyanya yangu mwenyewe alikamua maziwa yale na kumpa kwa mkono wake. Niliwaona watu wakigeuka kuitazama ile meza. Niliona kamba ya nguo. Sikuona namna ya kusema jambo lile ambayo ingemwokoa mtoto na kumwacha Akoo alivyokuwa.

Simu ilikuwa juu ya kabati. Nilimpigia mwalimu kwanza, kwa sababu yeye angepata lugha. Mwanamke yule wa mitambo akaniambia kwamba mteja hapatikani. Mwalimu alikuwa na tabia ya kuizima simu ili ajihifadhie chaji. Nikapiga tena. Hapatikani. Uani, meno yalikuwa yamenyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya zaidi.

Niruhusu nisimame hapa kidogo, hata kama unanihimiza. Ua ninamokuandikia leo ni uleule, lakini ungeona shida kuutambua. Palipokuwa na kamba pana ukuta mrefu, juu yake vigae vya chupa. Umejengwa na wenye nyumba wapya, watu wema ninaowajua kwa sauti tu. Mwalimu alihamishwa. Jirani aliuza duka akarudi milimani, na kwa miaka kadhaa alituma salamu na ndizi. Akoo amelala makaburini, na miti yake mingi ilimfuata kiangazi kilekile, kana kwamba maji ya bomba hayakuitosha. Hakuna tena anayepunguza mgunga kwa jino la mbuzi; mimi mwenyewe natumia mkasi wa chuma cha pua, nao unaacha kidonda cha bapa. Kwenye maonyesho ya sasa kila mti una kadi yenye jina la kisayansi, na mawaridi yamezungushiwa utepe wa onyo niliopendekeza mimi. Watu huniuliza kwa nini nasisitiza utepe huo kwa uso wa namna ile. Nawaeleza kuhusu moyo, jinsi utomvu ule unavyoushika na kuukaza. Siwaelezi kwamba hata leo, pamoja na vitabu vyote nilivyosoma, sijui kwa hakika ni kiasi gani cha kitu kile hufika kwenye maziwa, wala siku ile hapakuwa na wa kumuuliza.

Kilichonipotea zaidi si miti. Ni aina fulani ya ujirani ambao sikujua upo mpaka nilipoujaribu kwa simu ile, nikiwa na hakika kwamba nauua.

Nilimpigia jirani. Iliita mara nyingi. Nikaombea isipokelewe, nikaombea ipokelewe.

"Haloo? Mwari, ni wewe?" Mwari ni binti kwa Kimeru, ndivyo alivyoniita siku zote. Nyuma yake kipaza sauti kilikuwa kikijaribiwa, moja mbili, moja mbili. "Nyanya yako ako hapa anapanga meza. Wacha nikupatie yeye."

"Hapana," nilisema. "Nataka wewe. Mtoto amekunywa maziwa?"

"Bado. Amelala. Kwani nini?"

"Usimpe. Mwaga. Mbuzi amekula waridi ya Akoo, ile yenye sumu. Ilikuwa imekatwa, imewekwa hapo kwa jiko. Akoo hakujua. Wallahi hakujua, alifikiri mbuzi zote zinajua. Mbuzi yako inakufa."

Nilisema yote kwa pumzi moja, kisha nikafumba macho na kungoja. Nilisikia kikapu kikifunguliwa. Nilisikia maziwa yakimwagika juu ya kitu kigumu, kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukelele, kwa jina la nyanya yangu kutamkwa kwa namna ambayo halikuwa limetamkwa bado. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya chini mno, karibu na sikio, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Mwari wakwa, hebu nisikize. Wewe ndiye ulimshika mbuzi leo?"

"Ndiyo."

"Akoo alikupatia yako?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Kwetu, anayemshikilia mnyama hunywa kwanza. Akoo alinimiminia kwenye kifuniko cha chupa kila alipokamua, na lilikuwa jambo la kila siku kiasi kwamba sikulihesabu kuwa tukio. Katika hesabu zangu zote za mchana ule nilimpima mtoto, nikampima mbuzi, nikampima Akoo na mji mzima wa Isiolo, na sikujipima mimi. Nilijiwekea kiganja kifuani. Moyo ulikuwa ukienda mbio, na sikuwa na njia ya kujua kama ni hofu tu.

"Ndiyo," nikasema. "Nilimaliza."

Akaigeuza simu mbali na mdomo wake, lakini nilimsikia wazi, juu ya kipaza sauti, juu ya uwanja wote ule. "Mwalimu! Washa gari! Akoo, wachana na hizo miti, kuja, mtoto wetu amekunywa sumu!" Kitu cha udongo kilianguka kikavunjika. Nilisikia miguu, mlango wa gari, mtoto mchanga akiamka na kulia. Kisha akarudi kwangu, akihema.

"Usikate simu," alisema. "Ongea na mimi. Sema chochote, mpaka utuone hapo mlangoni."